Wali wa Mama Mkwe

Mama mkwe alinikataa nikiwa mbeba magunia ya miraa. Alipokuja mara ya kwanza kwenye nyumba niliyojijengea hapa Bulla Pesa, nilimwambia mke wangu aketi, leo napika mimi. Nikatia mchele wa jasmini na maji sawa kwa sawa kwenye sufuria ya presha ya stima. Presha ilipojaa tu, stima ikapotea. Mfuniko ulikuwa umejifunga, na kuulazimisha ni kujichoma.

"Niwashe jiko?" mke wangu akanong'ona.

"Kaa."

"Hiyo kitu yako imekufa, mbeba magunia?" mama mkwe akauliza.

Mimi siogopi mtu, lakini jasho lilinitoka. Tulingoja mpaka presha ikashuka yenyewe. Nikafungua: wali umeiva kwa mvuke uliofungiwa ndani, punje kwa punje.

Mama mkwe alimaliza, akanisogezea sahani.

"Niongezee, mwanangu."