Game ya lori ya Baba iligoma kufunguka, mimi "fundi" nikamsingizia kaka yangu

Wakuu salaam. Wenye bando lenu na mnaokula WiFi ya ofisi, wote nawasalimu.

Ninachoandika hapa kimetokea kweli, tena hakijapoa. Jina la kaka yangu tu ndilo nimebadilisha, maana ndiyo kwanza tumepatana na sina hamu ya kuanza upya.

Mimi naishi Shirimatunda, Moshi. Nina kaduka ka stationery mjini: photocopy, kuchapa barua, kutengeneza picha za passport. Kwa sababu hiyo ukoo mzima unaniita fundi wa kompyuta. Badala ya kukataa, nikaitika. Nikaanza hadi kutembea na bisibisi mfukoni.

Nyumbani kwetu ni juu, upande wa Marangu. Baba alikuwa dereva wa lori miaka na miaka, akibeba mahindi na maharage kutoka Himo. Mwaka jana akateleza kwenye mfereji wa kumwagilia migomba, akavunjika nyonga. Mfupa umeunga, lakini anatembea na kile chuma cha miguu minne, na asubuhi hawezi kutoka kitandani bila kunyanyuliwa.

Lori basi. Leseni ameihifadhi ndani ya Biblia.

Mzee akaanza kunyauka. Anakaa barazani anasikiliza magari yanavyopanda mlima, kila moja anatolea hukumu: "Huyo gia ya pili ameilazimisha." Mtori anaonja vijiko viwili anaweka chini. Mama akaingiwa hofu.

Ndipo nikapata wazo, na hili nalidai ni langu, maana mbele huko sina la kujivunia. Nikapandisha nyumbani kompyuta moja ya dukani, nikaweka game ya kuendesha malori, nikamnunulia na usukani wa kuchomeka pamoja na pedeli zake.

Wakuu, Mzee alifufuka!

Alikuwa anavaa shati la kola na kofia kabla ya kukaa. Anakagua vioo. Akipigwa faini ndani ya game anagomba na trafiki ambaye hayupo. Mtori akawa anamaliza, anaongezwa.

Sasa niwajulishe kwa kaka yangu, tumwite Elia. Yeye ndiye mkubwa, nyumba yake iko ng'ambo ya migomba ya Baba. Mimi ni kitinda mimba, na kwa mila zetu nyumba ya wazazi huja kuwa ya kitinda mimba. Ila anayemnyanyua Baba kila asubuhi, akamwogesha, akamvalisha, akamkalisha kwenye usukani, ni Elia. Mimi nilikuwa nakuja wikiendi na bisibisi.

Elia ni mwalimu wa kwaya usharikani. Mtu mpole sana. Kwenye kompyuta ile ya Baba anajua jambo moja tu: kuchomeka flash yake, kufungua noti za nyimbo, kuchomoa, kwaheri.

Basi, Jumatatu moja Mama akanipigia simu.

"Lori la baba yako limegoma kuwaka."

Jumamosi nikapanda. Nikakuta kweli. Ukibonyeza game, nembo inakuja, kaduara ka kusubiri kanazunguka, kisha tuli! Picha imeganda, mouse haisogei, sauti hakuna. Unasubiri hadi unasinzia. Dawa ni kuzima kwa kubonyeza batani ya CPU.

Mzee akaniambia, "Limekosa moto. Angalia betri."

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha msomi. Nikamwambia, "Baba, hii ni mambo ya software."

Jumamosi hiyo nika-update Windows. Nika-update driver za graphics kwa hotspot ya simu yangu, bando likaisha, nikatumia la Mama. Nikafuta mafaili ya temp. Nika-run as administrator, nikabonyeza kwa madaha kama nimepata cheo. Game ikaganda palepale.

Jumamosi ya pili nikaitoa game yote na kuiweka upya. Ikaganda. Nikafungua CPU, nikachomoa RAM, nikaisugua kwa kifutio cha penseli. Nikapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Mzee ananishikia tochi mchana kweupe, ananiangalia kwa imani, kila dakika ananiuliza, "Umeona?" Najibu, "Naona, Baba." Nilikuwa sioni kitu.

Jumamosi ya tatu nikachomoa CPU peke yake, nikashuka nayo mjini. Nikaiweka dukani, nikachomeka skrini, mouse na keyboard. Game ikawaka sekunde ileile! Nikarudia mara sita, haigandi hata kwa bahati mbaya.

Nikaipandisha nyumbani kesho yake. Nikarudishia nyaya zote nyuma kwa uaminifu mkubwa, kila waya kwenye tundu lake lilelile. Nikawasha mbele ya Baba, nimejaa majigambo.

Ikaganda.

Hapo ndipo akili yangu, Mungu anisamehe, ikapiga hesabu. Mjini inafanya kazi. Nyumbani inagoma. Nyumbani kuna nini ambacho mjini hakipo?

Elia na flash yake.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka ibadani, tunakula kiburu cha ndizi na maharage wote mezani: Baba, Mama, Elia, mke wake na mimi. Nikasafisha koo. Nikatangaza kwamba uchunguzi wangu umekamilika, kompyuta imeingiliwa na virusi, na virusi vimeletwa na flash ya kwaya.

Elia akaweka kijiko chini. "Flash yangu? Ile ina nyimbo za Mungu."

"Virusi havichagui, Kaka."

Ningeishia hapo kungekuwa na afadhali. Lakini nilishapanda kichwa, nikaongeza, "Mtu asiyejua kitu aulize kwanza, siyo kugusa tu."

Ndiyo wakuu, nilimwambia kaka yangu mkubwa maneno hayo, mbele ya mke wake, mbele ya Baba. Elia akanawa mkono, akamshukuru Mama kwa chakula, akapita katikati ya migomba kwenda kwake. Shemeji akamfuata bila kuniaga.

Mimi nikaendelea kula. Nilimaliza hadi chake.

Elia hakumsusa Baba. Kesho yake alikuja akamnyanyua kama kawaida, sema kimya. Jumanne pia. Jumatano, Mama alinieleza baadaye, Elia alishamkalisha Baba sebuleni akaenda kufuata shati, na aliporudi Baba akavuta kitenge upesi akaifunika kompyuta. Kama vile unavyofunika chakula nzi akiingia.

Elia aliona. Akamvalisha Baba, akamfunga vifungo vyote vya shati, akaondoka. Alhamisi hakuja. Ijumaa hakuja.

Mama ana mgongo mbovu, hawezi kumnyanyua mtu. Akanipigia simu analia. "Baba yako yuko kitandani mpaka saa hizi, saa tano. Jirani ndiye nimemwita. Baba yako amegoma kula, anasema hataki kushikwa na mtu wa nje."

Mimi, bingwa wenu, nikamjibu, "Usijali Mama, Jumamosi nakuja na antivirus mpya."

Antivirus! Mzazi wangu anakosa mikono ya mwanawe, mimi naahidi antivirus.

Jumamosi asubuhi nikafika. Jirani alikuwa ameshamkalisha Baba kwenye kiti, lakini kofia hajavaa. Nikawasha game ili nimwonyeshe virusi vilivyo sugu. Ikaganda vizuri sana. Nikaanza hotuba: mashine hii imeshambuliwa ndani kwa ndani, itabidi nifute kila kitu na kuanza upya.

Mama akaingia kutoka jikoni, anataka redio yake akasikilize huku akimenya ndizi. Ni ile redio ndogo inayopiga nyimbo za memory card. Akapitisha mkono nyuma ya CPU, akavuta waya wa redio.

Vruuuum.

Lori likawaka! Skrini ikafunguka yenyewe, injini inanguruma, menu yote imejaa.

Nikamwomba Mama airudishe, nikazima, nikawasha game upya. Ikaganda. Nikavuta waya wa redio. Vruuum.

Kwa wasiojua, ni hivi. Memory card ya ile redio ilikuwa inakufa. Game ikianza inapitia kila kitu kilichochomekwa kwenye kompyuta, na ikifika kwa redio inauliza, haijibiwi, inasubiri milele. Mjini ilifanya kazi kwa sababu redio ilibaki nyumbani.

Nikamuuliza Mama, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, nani alianza kuchajia redio pale.

"Si wewe mwenyewe? Soketi ilikuwa imejaa, ukasema tundu la nyuma la kompyuta lina chaji nzuri. Nami nikawa naichomeka hapohapo ulipoonyesha."

Kumbe ni kweli. Na kila niliporudishia nyaya, ile ya redio niliichomeka kwa mkono wangu. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi.

(Naongeza hili: kuna mkuu kaniuliza PM kwa nini sikuanza kwa kuchomoa kila kitu cha USB. Mkuu, ningekuwa nalijua hilo, huu uzi ungetoka wapi?)

Mama hakunigombeza. Alifungua mlango wa nyuma akanionyesha kule kwenye migomba kwa kidevu.

Wasio wa huku niwaeleze. Wachagga tuna isale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba. Ukimkosea mtu sana unamletea jani lake, na aliyeletewa isale hakatai kusamehe. Taratibu zake unamtuma mtu mzima akutangulie. Mimi aibu ilinizidi nguvu, sikutaka shahidi. Nikakata jani njiani, nikaenda peke yangu.

Elia alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Nikapiga goti kwenye matope, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Nikamwambia yote: redio, tundu la nyuma, mimi mwenyewe.

Akaliangalia lile jani muda mrefu.

"Hili umekata wapi?"

"Hapo mpakani."

"Hapo ni kwangu. Yaani umekuja kuniomba msamaha kwa isale langu."

Nikabaki na goti langu.

"Ningekuwa na uwezo wa kukataa ningekataa," akasema. "Una bahati isale halikataliwi." Akalipokea. Halafu akakaa juu ya mzigo wa majani, akasema, "Wewe ni mdogo wangu, mdomo wako naujua tangu utoto. Haukuniuma sana. Nyumba ile ni yako, nayo sina kinyongo. Lakini Baba alinifunikia kitenge. Mimi ninayemwogesha."

Wakuu, hapo nililia. Sitaki kuwadanganya, nililia mbele ya ng'ombe.

Tukaenda naye. Nilimtangulia, nikamweleza Baba mbele ya Mama kwamba kosa ni langu lote, Elia hana hatia. Sasa mnawajua wazee wetu. Baba kumwomba mtoto msamaha ni kitu hakipo, na Elia hakukitegemea. Akasimama mlangoni tu, akasema, "Shikamoo Baba."

"Marahaba." Kisha Baba akashika chuma chake, akajisukuma, akasimama mwenyewe huku anatetemeka. Elia akakimbia kumshika. Baba akamwonyesha kiti.

"Kaa wewe."

Usukani ule Mzee alikuwa hajampa mtu yeyote. Hata mimi niliyeununua ruhusa yangu ilikuwa kuufuta vumbi. Elia akasema, "Baba, sijui kuendesha, nitakuharibia." Mzee akamwekea mkono begani. "Nipo. Achia klachi taratibu."

Elia akakanyaga mafuta. Lori likaruka, likavunja geti la bohari, likagonga ukuta, taa zote mbili zikazima. Miezi yote ile Mzee hakuwa na ajali hata moja kwenye rekodi yake, na enzi zake alishawahi kumshusha utingo njiani kwa mkwaruzo.

Nikafumba macho kusubiri.

"Hamna neno, mwanangu," Baba akasema. "Rudi nyuma, tuanze tena."

Elia akageuza uso kule dirishani. Mimi nikajifanya nakagua nyaya.

Somo langu: game ikiganda wakati wa kuanza, chomoa kila kitu, ubaki na mouse na keyboard, ndipo urudishe kimoja kimoja. Na kabla hujamtaja mtu, angalia mkono wako wewe ulichomeka nini. Bisibisi nimeirudisha kwenye droo.

Wataalamu nichekeni, nimekuja nimejiandaa. Ila na nyie mliowahi kumbebesha ndugu yenu kosa la mikono yenu, mlirudije kwake? Sisi tuna isale. Wenzetu wa mikoa mingine mnatumia nini?