Damu ya Mpepeta Mchele

Zipora amepepeta mchele kwenye mashine ya kukobolea pale Kagongwa kwa miaka kumi na tisa, na sita ya mwisho amepepeta huku akikohoa. Anatoa makohozi mazito ya kahawia, anabanwa kifua, anapata nafuu, kisha anarudia. Dozi ya TB amemeza mara mbili hadi mwisho, ingawa makohozi yake hayakuwahi kuonyesha kitu. Ukikohoa huku kwetu kwenye migodi, ambako TB ni nyingi, watu hawasubiri kipimo.

Binti yake Ritha, aliyeolewa Runzewe, naye hakusubiri. Alipojifungua mtoto wa kwanza alipiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mtoto hajambo. Ila usije kwanza, mpaka tujue hicho kifua kina nini."

Zipora alisema sawa. Tusidanganyane, ilimuuma sana.

Basi akaomba rufaa ya hospitali kubwa. Lakini Zipora ni mtu wa heshima zake, hawezi kwenda kwa daktari akiwa hovyohovyo. Wakati akisubiri tarehe, miezi miwili mizima, alimeza vidonge vya prednisolone vya duka la dawa, vilevile wanavyomeza wasichana wanaotaka kunenepa mashavu. Kifua kikatulia. Akavaa vitenge vya kanisani, akaenda.

Daktari Donatus alitazama picha ya mapafu, akasema anashuku si TB bali mzio wa ukungu, huu unaoota kwenye pumba na mpunga uliohifadhiwa haujakauka. Mwenye mzio huo damu yake hujaa kingamwili za aina fulani, na zinapimika. Akamtoa damu. Majibu yakaja mia saba na ishirini: juu ya kawaida, ila hayakutosha daktari kusema kwa uhakika.

"Mama, kuna dawa yoyote unatumia?"

Zipora alijiweka sawa kitenge. "Vidonge vidogo tu, daktari. Nisije nikakukoholea hapa."

Daktari hakugomba. Alimweleza kwamba vidonge hivyo huzishusha zile kingamwili, kwa hiyo alikuwa amejipamba mpaka ndani ya damu. Apunguze kidogo kidogo hadi aache, kisha arudi baada ya miezi miwili.

Aliacha, na kikohozi kikarudi na hasira zake. Kanisani watu walihama benchi. Vidonge vilivyobaki vilikuwa kabatini, kimoja tu kingemtuliza kifua akalala, naye hakukigusa.

Mara ya pili ilikuwa elfu mbili mia sita na arobaini, na kipimo cha ukungu wenyewe nacho kilikuwa juu. Hauambukizi, alisema daktari. Zipora alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaandikiwa vidonge vilevile, safari hii kwa dozi aliyopanga daktari, na akakatazwa kuingia ghala la mpunga pale mashineni. Kuhusu ghala alijibu "tutaona", na daktari mwenyewe alijua maana yake.

Alimpigia Ritha simu akampa majibu, na kesho yake alikuwa Runzewe. Ritha alimpokea mlangoni kwa magoti, machozi yakimtoka, akamwomba msamaha, akamkabidhi mtoto. Mtoto wa miezi saba hana habari na majibu ya damu. Aliona sura ya mgeni, akaangua kilio, akanyoosha mikono kwa mama yake. Ritha naye akanyoosha yake ampokee.

"Mwache," alisema Zipora. "Alie hapahapa kwangu."