Faili la Zamu za Mfereji

Nakumbuka siku moja niliyopaswa kusema hapana, nikasema sawa. Kaka yangu Elifuraha, mwenyekiti wa mfereji wetu huku mlimani Meru, alisimama nyuma ya kiti changu akanong'ona, "Andika unavyokumbuka. Nani atajua?" Nami nikaandika.

Mwanangu, nikueleze ilivyokuwa. Mfereji wetu ulichimbwa na mababu, na kila nyumba ina zamu yake ya kufungulia maji shambani. Zamu zote alikuwa nazo mtu mmoja kichwani, mzee Kaanaeli. Alipoanza kudhoofika, kamati ilipata kompyuta kutoka kwa wafadhili, ile yenye skrini nene kama kabati. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kusoma kompyuta miezi michache mjini, Levolosi. Nikatunga programu ndogo ya kutunza zamu.

Kwa wiki mbili mzee alikuja kunitajia, nami nikachapa. Shangazi Ndeshi alituletea uji. Huyu ndiye aliyenilea tangu mama yangu afariki, na sekondari nilisomeshwa kwa ndizi na mboga za shamba lake. Kwenye karatasi sikuandika hata jina moja. Niliona ni ushamba. Nakala ya pili pia sikutunza. Mwezi uliofuata mzee Kaanaeli tukamzika.

Sasa faili, mwanangu, hufunguliwa kwa nia. Unaweza kuiambia mashine ilifungue usome tu. Unaweza kulifungua uongeze mwishoni. Au unalifungua uandike upya, na hapo mashine hufuta yote yaliyomo kabla hujaweka herufi ya kwanza, wala haikuulizi kama una uhakika. Nilifundishwa hayo, na niliyajua. Lakini siku mbili kabla ya mkutano wa kuwasomea watu zamu zao niliongeza kijana mmoja aliyeoa, na kwa haraka zangu nikaamuru kuandika badala ya kuongeza. Nilipolifungua nisome, lilikuwa na jina moja tu. La yule kijana.

Nilimwita Elifuraha. Alikuna kidevu.

"Turudi kwa watu tuwaulize kila mmoja zamu yake," nikasema.

"Wapigane mapanga? Wewe si ndiye fundi? Andika unavyokumbuka."

"Na nisichokikumbuka?"

"Kisia. Hiyo televisheni yako wanaiamini kuliko mchungaji."

Akacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka.

Jumamosi nilisoma orodha mbele ya watu wote. Nilipofika Jumatano, nikasoma asubuhi ni ya Sumari, jirani yetu, na mchana ni wa Shangazi. Akasimama.

"Baba, asubuhi ya Jumatano ni yangu."

Sumari akapiga kofi pajani. "Mama Ndeshi, leo unabishana na kompyuta!"

Watu wakaangua kicheko. Shangazi hakumtazama. "Sibishani na kompyuta. Namuuliza Elisante. Mzee alitaja nikiwa nimeshika kibuyu cha uji, nawe ulisikia. Soma tena."

Na hapo hapo, mwanangu, nikakumbuka. Nilisikia kabisa sauti ya mzee: huyu baba yake ndiye aliyechimba mlango wa juu wa mfereji, asubuhi ni yake mpaka afe. Lakini nikikiri moja, wangejua orodha yote ni ya kukisia, na ufundi wangu umekwisha. Nikainamisha kichwa. Nikasoma tena vile vile.

Wakati wa kiangazi, maji ya mchana yalimfikia yakiwa tope. Mboga zikakauka, kisha migomba. Mwaka wa pili akafunga mlango, akahamia Maji ya Chai kwa rafiki yake, akawa anauza barabarani ndizi za mashamba ya wengine. Nilimfuata huko. Nikamwambia, "Shikamoo, Shangazi." Akapanga ndizi zake kwanza, kisha akauliza, "Unachukua chane ngapi?" Kama mteja yeyote. Nilienda mara nyingi. Kila mara aliniuliza hivyo hivyo.

Nilikuja kukiri mbele ya mkutano baada ya kumzika Shangazi. Sumari aliirudisha ile asubuhi kwa shamba la marehemu bila ugomvi, na hilo linaniuma mpaka leo, maana angeirudisha hata ile Jumamosi.

Ninyi vijana mnaoandika programu za hospitali, za shule, za ardhi za watu, nawaomba. Kabla hujafungua faili kwa kuandika, weka nakala mahali pengine. Kama unataka kusoma, fungua usome tu. Ukimaliza, lifunge. Na siku utakapolifuta, maana utalifuta, toka nje siku hiyo hiyo useme limefutika na ni wewe. Usijaze pengo kwa kukisia halafu ukaiacha mashine ikuapie. Mtu akisimama mbele yako akasema hilo si kweli, msikilize yeye kwanza.

Mungu aitulize mikono yako, mwanangu, na akupe ulimi mwepesi wa kukiri. Mimi siku moja nililinda jina la ufundi, na mwanamke aliyenilea akafa hajaniitikia shikamoo yangu.