Nilimwambia baba apandishe suruali mbele ya watu

Admin, nifichie jina kabisa, maana mtaani kwetu Pasiansi tunajuana na shangazi zangu wote wanafuata huu ukurasa. Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, sijaolewa, naishi na baba yangu mzazi. Mama alifariki nikiwa sekondari. Nauza vitambaa hapa Mwanza mjini, na baba ni fundi cherehani wa siku nyingi, ameshawashonea suti hadi wajukuu wa wateja wake wa kwanza. Mdomo wangu mwepesi, nasema kabla sijafikiri, na mdomo huo ndio umenifikisha hapa.

Baba ana kisukari. Miaka minne iliyopita alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti, akawekewa wa bandia. Hakulia mbele yetu hata siku moja. Alipopata nguvu alikaa kwenye cherehani akazifumua suruali zake zote, akaziongezea upana kidogo upande wa kushoto ili ule mguu usionekane umbo lake. Ukikutana naye njiani utadhani ni mzee mwenye goti bovu tu. Na gari anaendesha mwenyewe, ni la otomatiki, mguu wa kulia unamtosha. Siku za kliniki yeye ndiye anayenipakia mimi.

Sasa miezi miwili iliyopita tulikwenda hospitali moja, sitaitaja. Mbele ya mlango kuna nafasi mbili zimechorwa alama ya kiti cha magurudumu. Kwenye moja lilikuwa linaingia gari kubwa jeusi, mwenyewe akashuka, kijana ana afya zake, mlinzi ndiye aliyemwondolea koni na saluti akampigia. Baba akaingia kwenye ile ya pili. Hajazima hata injini, mlinzi akagonga kioo. Akamwamkia vizuri tu, shikamoo mzee, kisha akamwomba atoe gari, hapo ni pa walemavu. Baba akaitikia, akamwambia ndiyo maana amepaki hapo. Mlinzi akachungulia kiti cha nyuma, akanitazama mimi, akauliza mlemavu yuko wapi.

"Ni mimi," baba akasema.

"Mzee wangu, mlemavu anaendesha gari?"

Hakusema kwa ubaya, jamani. Alishangaa kweli. Kichwani mwake mlemavu ni mtu wa kusukumwa, au wa kukaa mlangoni pa msikiti na bakuli. Baba akaanza kumweleza taratibu, vile anavyozungumza na wateja wake. Lakini watu wa kwenye benchi la nje walishaanza. Mama mmoja akasema watu wazima hovyo, wanawanyang'anya walemavu nafasi yao. Mwingine akasema ndio hawa, wakishapata vigari wanajiona. Dada mmoja akainua simu. Wote walikuwa wanawatetea walemavu, na lile gari jeusi hakuna aliyelitupia hata jicho.

Ningeweza kushuka nikawajibu, na mimi kujibu najua. Badala yake nikamgeukia baba.

"Baba, si uwaonyeshe tu mguu yaishe?"

Akanitazama. Hakunikaripia. Akafungua mlango, akakaa upande, akapandisha suruali mpaka kwenye goti, polepole, kama anavyompimia mteja. Ile plastiki ikaonekana na mikanda yake yote. Mlinzi akasema pole sana mzee, ungesema mapema. Nyuma yetu nikasikia mtu anasema, kumbe kilema kweli. Yule dada alikuwa bado ameshika simu yake.

Baba akashusha suruali, akainyoosha kwa kiganja, akafunga mlango, akarudisha gari nyuma, tukaondoka bila kumwona daktari. Tulikuwa tunakaribia nyumbani ndipo akaongea.

"Nilikuwa nawaeleza, mwanangu. Mdomo ninao."

Nikiwaambia nilimhurumia nitakuwa mwongo. Niliona aibu mimi. Niliona watu wananiangalia kama mtoto wa mwizi, nikataka nisafishike haraka, nikamtoa baba yangu kafara.

Tangu siku hiyo hajakanyaga kliniki. Hata msikitini Ijumaa haendi tena. Wiki iliyopita nafua nguo, nikakuta soksi yake ya kulia ina damu na usaha. Kidole kina kidonda na yeye hakuhisi chochote. Jumatatu hii nikaenda kwa daktari peke yangu, akaniambia nimlete wiki hii hii, akichelewa na huo mguu atakatwa. Mguu wa kulia, wa kuendeshea gari. Nimemwambia twende na bajaji hadi mlangoni, amekataa. Nimemwambia twende hospitali nyingine, anasema watu ni wale wale. Kaka yangu aliyeko Nansio, kisiwani Ukerewe, amekasirika, anasema Jumamosi anapanda meli na rafiki zake wawili waje wambebe, apende asipende.

Nimempigia magoti nikaomba msamaha. Ananijibu alishanisamehe siku ile ile, halafu anaendelea kushona. Jana nikamuuliza kwa machozi, kama umenisamehe baba, mbona hutaki kwenda kutibiwa? Akasimamisha cherehani.

"Wewe unanijua, na bado uliniambia niwaonyeshe. Hao wasionijua nitawaambia nini?"



Ndugu zangu, leo Alhamisi. Nikimwachia kaka ambebe, pengine mguu utapona, lakini nitakuwa nimemvua baba yangu heshima mara ya pili, na safari hii ndani ya nyumba yake. Nikimzuia kaka, mguu unaoza mbele ya macho yangu. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Kama kuna mtu humu aliwahi kumwaibisha mzazi wake kisha mzazi akamwamini tena, naomba aniambie alianza kwa neno gani, nami nikamwambie baba kabla ya Jumamosi.