Jina Lililojificha Kwenye Vina

Mimi si mtu wa kutulia, na nadhani nilirithi hilo katika nyumba yetu ya Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, mwaka ule serikali ilipotukataza majina ya kizungu. Mama alirudi kutoka ofisi ya serikali na karte mpya ya kitambulisho yenye jina la nyanya yake. Kwa wengine lilikuwa jambo la kuchekea. Kwetu ilikuwa balaa, maana baba, fundi wa mgodini, alimposa mama kwa shairi, na kila ubeti uliishia kwa jina lake la ubatizo.

Treni iliposimama, filimbi ikatulia,
Watu wote wakashuka, mimi nikasubiria,
Ukashuka ukicheka, moyo wangu wakimbia…

Halafu jina. Baba alilighani kila Jumapili baada ya misa, na mama alijifanya hasikii, akatabasamu peke yake huku akisonga bukari, ugali wetu. Sasa baba akanyamaza. Jirani yetu alikuwa mtu wa chama tawala, na ukuta ulikuwa mwembamba.

Mama alimkasirikia sana.

"Tata, uliimbia nani? Huyu wa mu karte mi simujui. Ule wa mu treni njo mi."

"Batatusikia, mama."

"Basikie!"

Baba akajaribu kuingiza jina jipya. Ubeti ukachechemea vibaya mno, hata mama akacheka kwa hasira. Niliwachukia wote wawili siku hiyo. Nilitaka tu mtu aseme lile jina, yaishe.

Dawa aliipata mama. Alianza kutwanga sombe, majani ya muhogo. Kinu kikilia, baba aliinama sikioni mwake akasema shairi lote, na jirani akasikia kutwanga tu. Tulikula sombe mpaka tukachoka. Mimi nilizungukazunguka nje ya jiko bila kudaka hata neno, wivu umenijaa.

Miaka ikapita. Majina yakaruhusiwa tena, lakini kila mtu alishazoea kumwita mama yangu Mama tu, hata baba. Kisha ugonjwa wa kusahau ukaanza kumnyang'anya baba vitu: kazi yake ya mgodini, njia ya kwenda kanisani, mimi. Mama alijua zamu yake ya kusahauliwa inakuja. Hakulala vizuri tena.

Siku moja sista wa parokia alikuja kumtazama mgonjwa. Akamwonyesha mama kwa kidole, akamuuliza baba, "Tata, huyu mama jina yake ni nani?"

Baba akamkodolea macho. Akahangaika kitini, akatafuta. Nilitaka kumjibia, nilikuwa siwezi kuvumilia, lakini mama alinibana mkono. Ndipo baba akaanzia mbali, kwenye treni. Akaja mstari kwa mstari, polepole, filimbi, watu, kicheko, vina vikimsukuma, mpaka pakabaki nafasi ya neno moja tu. Akalisema.

Sista alidhani anaimba. Mama alikuwa akilia waziwazi.

"Rudilia, tata," akamwambia. "Rudilia ile jina."

Baba hakuweza kulirudia peke yake. Akaanza tena kwenye treni.