Picha ya Rada Ilikuwa Safi

Jamani, leo nilibishana na ngurumo, huku mtoto wangu yuko kando ya mto.

Kreshi ya binti yangu Neema, pale wanapolea watoto mchana, iko chini kabisa. Mvua kubwa ikija, maji yanaingia. Kwa hiyo nikiwa saluni kutwa nafungua picha ya rada kwenye telefoni. Nikiona rangi nyekundu inasogea Durban, naenda kumchukua mapema.

Leo picha ilikuwa safi. Hata doa moja hakuna.

Nimemsuka mteja wangu Mama Grâce nusu ya kichwa, ngurumo ikapiga.

"Mama Neema, hiyo ni mvua."

"Hapana, ona telefoni. Hakuna kitu."

"Acha telefoni, angalia dirisha!"

Eish. Mbingu nyeusi kama sufuria ya mkaa.

Ndipo nikasoma maandishi madogo chini ya picha: rada imezimwa, mafundi wanaipima kama bado inasoma mvua sawasawa.

Kumbe mvua ilikuwepo. Rada ndiyo ilikuwa haioni!

Nikakimbia na kitana mkononi, Mama Grâce nyuma yangu, upande mmoja misuko, upande mwingine nywele zimesimama.

Maji yalishafika mlangoni. Mwalimu alikuwa amewapandisha watoto wote juu ya meza, wanaimba.

Neema hata hakulia. Akamnyooshea Mama Grâce kidole: "Mama, huyu tantine hujamumaliza?"

Sijamaliza, mama. Kitana hiki hapa bado.

Nani mwingine aliamini ile picha leo?

Wenye watoto kule chini: picha ikiwa safi sana, someni kwanza maandishi yake. Halafu mutoke nje, muangalie juu.