Nilivyorudisha Waya Dukani kwa Hasira

Mimi ni fundi wa stima mwenye uzoefu, kama ninavyomwambia kila mtu, hata asiyeuliza. Juzi nilikuwa Mosocho nikiweka stima katika nyumba mpya ya Mwalimu Moraa. Nililaza roli mpya ya waya sakafuni, nikavuta ncha, na mizunguko ikaruka yote pamoja. Kufikia saa nne nilikuwa nimetengeneza kiota cha ndege mkubwa sana.

Fundi wa hadhi yangu hakosei, kwa hivyo kosa lilikuwa la duka. "Mwalimu, wamekuuzia waya mbovu!" nilitangaza. Mwalimu, mama wa watu, akaacha kupalilia migomba yake, tukaibeba aibu hiyo kwenye gunia hadi Kisii mjini.

Dukani nilifoka mbele ya wateja wote. Mwenye duka, Bi Zuhura, alinisikiliza hadi pumzi ikaniishia. Kisha akachukua roli nyingine, akapitisha mpini wa ufagio katikati, akashika upande mmoja na Mwalimu akashika wa pili.

"Sasa vuta, fundi."

Nilivuta. Roli ilizunguka kama gurudumu, na waya ukanyooka hadi mlangoni bila fundo hata moja.

"Ile ya kwanza uliivuta vipi?" aliuliza kwa upole ulioniuma kuliko tusi.

"Ilikuwa... imelala tu chini."

Wateja wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alinitazama kutoka juu hadi chini, kisha akamgeukia mwenye duka.

"Bi Zuhura, unafunga duka saa ngapi? Nina nyumba inayohitaji fundi."